Saadani hadi Moa kwa gari: namna ya kupanga safari ya vijiji vya pwani ya kaskazini

Ukiitazama kwenye ramani, pwani ya Tanzania kutoka kijiji cha Saadani hadi Moa, karibu na mpaka wa Kenya, inaonekana kazi ya siku moja. Dereva aliyezoea lami atasema asubuhi Saadani, jioni Moa. Haiendi hivyo. Katikati kuna hifadhi yenye mageti, kuna Mto Pangani, kuna udongo mweusi unaogeuka gundi kwa mvua ya nusu saa, na kuna vijiji ambavyo njia yake ya mwisho ni mchanga mtupu chini ya minazi. Anayefika bila kuhangaika ni yule aliyejua mambo mawili kabla ya kuwasha gari: mwezi uko tarehe ngapi, na mvua ya mwisho ilinyesha lini. Kilomita zinafuata baada ya hapo.

Tenga siku 5. Siku 4 zinawezekana kiangazi, lakini utapita vijiji badala ya kufika.

Majira

Miezi mizuri ni Januari na Februari, halafu Julai hadi Septemba. Masika, kuanzia katikati ya Machi hadi Mei, achana na safari hii kabisa. Si suala la ujasiri wala ukubwa wa gari, ni kwamba vipande vya udongo mweusi kati ya Miono na Mkwaja havina ubavu wa kubeba gari. Vuli ya Oktoba hadi Desemba haitabiriki: unaweza kupata wiki mbili kavu, unaweza kukwama siku mbili.

Kama una mpango wa kuingia baharini kwa boti, angalia na upepo. Kusi ya Juni hadi Agosti hupoza hewa na kukausha barabara, ila bahari huchafuka na boti ndogo hupata shida. Kaskazi huleta joto na maji yanayoonekana hadi chini. Katikati kuna maleleji, upepo unapolegea, na hapo ndipo manahodha wa Ushongo na Pangani hawana haja ya kukuchagulia saa.

Mwezi na maji

Hili ndilo wageni wengi hulipuuza, na ndilo linaloamua utaona nini na utakwama wapi.

Mwezi unapoandama na unapopevuka kunakuwa na bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti yake pwani ya Tanga ikizidi mita 3. Wiki moja baada ya kila bamvua yanakuja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Bamvua kali haiangukii siku yenyewe ya mwezi mwandamo au mpevu, huja siku moja au mbili baadaye. Bamvua kubwa kuliko zote za mwaka huwa karibu na Machi na Septemba.

Saa zake ni rahisi kukariri. Siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu na saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, na hujaa karibu na saa 10 jioni na saa 10 alfajiri. Siku za maji mafu inageuka: yanajaa karibu na saa 4 na kupwa karibu na saa 10. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa kama dakika 50. Kwa hiyo ukiwa na kalenda ya mwezi, ya ukutani au ya msikitini, huhitaji programu ya simu: hesabu siku tangu bamvua, zidisha kwa dakika 50, ongeza kwenye saa 4. Ukikosea, utakosea kwa nusu saa hivi.

Kingine cha kujua ni kwamba maji hayatembei kwa mwendo mmoja. Kupwa au kujaa huchukua kama saa 6, lakini nusu ya maji yote hupita katika saa ya tatu na ya nne. Mtu aliyesimama kwenye mwamba akaona bahari imetulia mbali, akajipa saa tatu za kutembea, hukuta kwamba saa ya mwisho ndiyo maji yanamkimbiza.

Ipange safari ili siku za katikati, yaani Ushongo na Pangani, ziangukie bamvua. Maji yakipwa asubuhi utawaona kina mama wakitoka na ndoo na mchokoo kwenda kuchokoa pweza mwambani, na fungu la mchanga la Maziwe litakuwa limeinuka juu ya maji.

Gari

Gari lenye fo-wili na nafasi ya kutosha chini ya tumbo linatosha: Prado, Land Cruiser, Hilux, hata RAV4 ya zamani kiangazi kama dereva anajua kuchagua njia. Noah itafika Pangani na Tanga kwa kupitia Muheza, lakini haitafika vijiji vya kusini mwa mto.

Kabla ya kuondoka, fundi aangalie vitu vinavyokufa kwanza kwenye rafu: bushi za mbele, shokomzoba, mipira ya ekseli isiyopasuka, beliti ya feni na mabomba ya rejeta. Mpira wa ekseli ukiwa na ufa mdogo hautakusumbua mjini. Ukipita siku mbili kwenye vumbi la mkonge na maji ya chumvi, jointi itaanza kulia. Bofya bomba la rejeta kwa kidole: likiwa gumu kama kuni au laini kama utumbo, badilisha.

Beba tairi la akiba moja zima, na ikiwezekana la pili. Beba pampu ya upepo inayotumia betri ya gari, kipimo cha upepo, vifaa vya kuziba tairi lisilo na tyubu, jeki pamoja na kipande cha ubao cha sentimita 30 kwa 30 cha kuiwekea chini, koleo lenye mpini mfupi, panga, na kamba ya kuvutia yenye urefu usiopungua mita 8. Ubao huo hudharauliwa sana. Jeki bila ubao kwenye mchanga huzama yenyewe, gari linabaki palepale.

Bima, leseni, pembetatu mbili na mtungi wa kuzimia moto viwe mahali pa kuchomoa haraka. Vizuizi vya polisi vipo, na karibu na mpaka utakutana pia na watu wa uhamiaji. Kila abiria awe na kitambulisho chake, mgeni awe na pasipoti yenyewe, si nakala.

Mafuta: jaza tangi kwenye barabara kuu ya Chalinze kwenda Segera kabla ya kuiacha, na usiitegemee sheli yoyote mpaka mji wa Pangani. Piga hesabu ya kilomita 300 za mwendo mzito. Gari la dizeli linalokwenda kilomita 9 kwa lita kwenye lami litashuka hadi 5 au 6 kwenye mchanga na gia nzito. Kama tangi halitoshi, beba dumu la chuma la lita 20, na ukilijaza liweke chini, ardhini, si juu ya bodi ya pikapu. Petroli ya kwenye chupa inauzwa vijijini kwa ajili ya bodaboda. Ukilazimika kuinunua, iache kwenye chupa inayoonyesha kwa dakika 10: maji hushuka chini na utaona mstari. Mimina polepole na uache kidole kimoja cha mwisho chupani.

Maji ya kunywa na kupikia, lita 5 kwa mtu kwa siku. Visima vingi vya pwani hii vina chumvi, na si uungwana kumaliza maji matamu ya kaya iliyoyanunua kwa dumu.

Upepo wa matairi

Kwa gari lenye mzigo wa wastani, lami inataka PSI 32 hadi 35. Ukiingia rafu yenye makunyanzi, shusha hadi 26 au 28. Gari litaacha kurukaruka na bushi zako zitakushukuru. Ukiingia mchanga mlaini, shusha hadi 18. Tairi lenye upepo mdogo halipanuki sana kwa upana, linarefuka: sehemu inayogusa ardhi inakuwa ndefu, uzito unatawanyika, tairi linapita juu ya mchanga badala ya kuuchimba.

Ukitoka mchangani rudisha upepo kabla ya kuzidi kilomita 40 kwa saa. Tairi legevu likikimbizwa hupata moto ubavuni na kupasuka, mara nyingi kilomita 20 mbele, dereva akiwa ameshasahau.

Saadani hadi Mkwaja

Acha barabara kuu pale Mandera, pita Miono, na uelekee baharini. Ni kama kilomita 60 hadi kijiji cha Saadani. Njia inaingia Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyopandishwa hadhi hiyo mwaka 2005 baada ya kuwa pori la akiba tangu miaka ya 1960. Malipo ya hifadhi hayapokelewi kwa noti getini. Andaa kadi ya benki au salio la simu, na fanya malipo mahali penye mtandao, maana mtandao getini ukigoma utasubiri. Kibali kina saa ya kuisha; isome. Mageti hufungwa jioni, kwa hiyo usipange kukatiza hifadhi ukianza saa 10.

Hapa udongo mweusi ndio hakimu. Ukiwa mkavu una nyufa za kuingiza kidole na barabara ni ngumu kama saruji. Mvua ikinyesha, unateleza juu na kunata chini. Dalili ya kwanza ni sauti: matairi yanaacha kuvuma na kuanza kupiga makofi. Dalili ya pili ni usukani kuwa mwepesi. Kufikia hapo tope limejaa kwenye mifuko ya tairi, na tairi lenye tope limekuwa duara laini lisilo na meno. Ukiendelea, linazidi kujaza mpaka gurudumu linashindwa kuzunguka.

Lililo sahihi ni kusimama mapema, mahali palipoinuka, na kungoja. Jua la muda wa saa 3 au 4 hufanya kazi ambayo hakuna gari litakaloifanya. Kama lazima upite kipande kifupi, tia fo-wili kabla ya kuingia, gia ya pili, mwendo mmoja bila kukanyaga breki wala kubadili gia, na pita kwenye majani ya pembeni kuliko kwenye mikondo ya lori. Ndani ya hifadhi usiache barabara hata kwa sababu hiyo, geuza, rudi.

Kuna mbung'o, hasa kuelekea Mkwaja. Ndio walioshinda ranchi kubwa ya ng'ombe iliyokuwa Mkwaja, ambayo sehemu ya ardhi yake sasa imo ndani ya hifadhi. Mbung'o hufuata kitu kinachotembea na hupenda rangi ya bluu na nyeusi. Vaa nguo nyepesi kwa rangi, nzito kwa kitambaa, maana hupenyeza mdomo kwenye shati jembamba. Funga vioo unapokwenda polepole. Akishaingia ndani ya gari hatoki kwa kupungiwa mkono; mbane kwenye kioo kwa kitambaa.

Kipumbwi na Ushongo

Ukishatoka hifadhini barabara inashuka na kupanda kati ya mashamba ya mkonge na minazi. Kutoka barabara kuu kila kijiji kina kijia chake cha kwenda baharini, na hapo ndipo mchanga unapoanza.

Kanuni za mchanga si nyingi. Usisimame kwenye mteremko wa kupanda. Usikate kona kali, kwa sababu matairi ya mbele yaliyogeuzwa yanakuwa breki. Na gari likiacha kusogea, toa mguu kwenye mafuta hapo hapo. Watu wengi hukwama mara mbili: mara ya kwanza kwa mchanga, mara ya pili kwa mguu wao, wakikanyaga mpaka tumbo la gari linakaa chini.

Ukikwama, shuka na utazame kwanza. Shusha upepo hadi 15. Chimba mbele ya kila tairi mteremko mdogo, halafu ingiza koleo chini ya difu utoe mchanga ulioibeba. Weka kitu cha kushika. Makuti yapo kila mahali, lakini makuti mabichi yakilazwa kwa urefu wa njia huteleza na kurushwa nyuma kama mishale; yalaze kwa kukingamisha, vigongo vikikatiza njia, na mtu yeyote asisimame nyuma ya gari. Makumbi ya nazi hushika vizuri zaidi: panga safu tatu mbele ya tairi, yakanyage yazame nusu. Kisha jaribu kurudi nyuma kwenye alama zako mwenyewe kabla ya kujaribu kwenda mbele, maana nyuma mchanga umeshashindiliwa. Gia nzito ya fo-wili, mafuta kidogo, bila pupa.

Vijana watakuja kusaidia. Patana nao kabla hawajaanza kusukuma, umpe mmoja pesa yote mbele ya wenzake, na uwashukuru kwa majina.

Kuendesha gari ufukweni kwenyewe, usifanye, hata ukiona alama za wengine. Fukwe za Madete na Ushongo ni mahali kasa wanapotaga. Mayai yako chini ya mchanga mahali usipoona chochote, na mfereji wa tairi unatosha kumnasa mtoto wa kasa anayekimbilia maji. Hubaki akizunguka humo mpaka kaa au jua limmalize. Hapa pwani watu wa vijiji wenyewe wamejitolea kulinda viota hivyo usiku kwa usiku. Gari la mgeni kupita juu yake ni dhuluma.

Ukitaka kwenda Maziwe, patana na nahodha jana yake. Hicho kilikuwa kisiwa chenye miti. Sasa ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Siku ya bamvua ondoka saa 2 asubuhi, ufike maji yakishuka, na uwe umeshapanda boti kabla ya saa 6. Lipia kibali cha eneo la hifadhi ya bahari kabla ya kuondoka, hakikisha kuna jaketi la kuokolea kwa kila kichwa, na uzivae, si kuzikalia.

Kipumbwi utaona boti na majahazi yanayokwenda Unguja. Shuka utazame wanavyopakia, unywe chai, ule vitumbua. Kuvuka kwenda Unguja ni safari nyingine yenye taratibu zake.

Mto Pangani

Barabara ya pwani ya Bagamoyo hadi Tanga, kilomita 256, imekuwa ikijengwa kwa lami kipande kwa kipande, pamoja na daraja la mita 525 la Pangani. Ulizia siku moja kabla magari yanapita wapi, na uliza dereva wa lori au wa basi dogo, maana yeye amepita jana.

Kama unavuka kwa kivuko kati ya Bweni na Pangani, fika kabla ya saa 11 jioni. Abiria wote washuke, abaki dereva peke yake, vioo vikiwa chini na mkanda umefunguliwa. Subiri mtu wa kivuko akuite kwa mkono. Usifuate gari la mbele. Bamvua maji yakipwa, mlango wa kivuko hulala chini sana na pembe ya kuingilia inakuwa kali: bampa la mbele hugonga wakati wa kuingia, bomba la moshi hugonga wakati wa kutoka. Ingia kwa pembeni kidogo, tairi moja moja, gia ya kwanza. Ukishasimama, breki ya mkono, gia, na jiwe chini ya tairi. Kama gari lako liko chini, subiri saa mbili maji yapande. Si hasara, kuna madafu pande zote mbili.

Kivuko kikiwa kibovu na daraja halipitiki, njia iliyobaki ni kurudi bara hadi barabara kuu, kupita Segera na Muheza, kisha kushuka Pangani. Hiyo ni siku nzima. Ndiyo maana siku 5, si 4.

Kuingia kijijini

Gari geni likiingia kijiji cha watu mia chache, kila mtu ameshajua. Usiegeshe ufukweni ukaanza kupiga picha. Nenda ofisi ya kijiji, usalimie, ujitambulishe kwa mwenyekiti au mtendaji, usaini kitabu cha wageni, useme unataka nini: kupita, kulala, kununua samaki. Hapo ndipo utaelezwa pa kulala na pa kuegesha, na ukipata tatizo usiku wa manane kuna mtu anayekujua kwa jina.

Salamu si utangulizi wa kuruka. Mzee ni shikamoo, kisha habari za nyumbani, za kazi, za bahari. Swali lako linakuja mwisho. Wazee wa Tongoni wana Kimtang'ata chao, na huko Jasini utasikia Kivumba. Ukisikia neno usilolijua, uliza kwa heshima, watakufundisha kwa furaha. Mwanamke avae kanga au gauni refu akitoka ufukweni kuingia mitaani, mwanamume asitembee kifua wazi. Ijumaa kuanzia saa 6 mchana usitegemee duka wala huduma mpaka sala iishe. Ramadhani beba chakula chako cha mchana na ule mahali pasipo macho ya watu. Jioni, futari utakayokaribishwa itafidia kila kitu.

Samaki nunua dikoni, mapema, wakati wa mnada. Macho yawe yamejaa na maangavu, matamvua mekundu, na ukibonyeza nyama irudi. Pweza mbichi apigwe kabla ya kupikwa. Ukimnunua, lipia na wa kumpiga. Usinunue kobe wa baharini wala mayai yake, wala kombe na matumbawe ya mapambo: ni kosa kisheria.

Pangani hadi Tanga

Hiki ni kipande chepesi, kama kilomita 50. Simama Kigombe, kijiji cha wavuvi ambacho bahari yake imo ndani ya hifadhi ya silikanti, yule samaki wa kale, iliyoanzishwa mwaka 2009. Simama na Tongoni, kama kilomita 17 kabla ya Tanga. Makaburi yake ya nguzo na msikiti wa kale yanakaa kimya chini ya mibuyu, na mafungu ya nje ya hapo ndiyo yaliyoipakata meli moja ya Vasco da Gama mwaka 1498. Mwaka uliofuata aliichoma moto hapo hapo kwa kukosa watu wa kuiendesha. Kuna mlinzi na ada ndogo. Usikanyage makaburi, hata kwa picha.

Tanga jaza mafuta, angalia boliti za magurudumu kwa spana, safisha chujio la hewa kwa kuligonga na kulipulizia kutoka ndani kwenda nje. Hospitali ya Bombo ndiyo kubwa kwa safari yote hii. Kama kuna mtu ana homa, apime malaria hapa kabla ya kuendelea.

Mkinga hadi Moa

Lami ya Tanga hadi Horohoro, kilomita 65 hivi, ni nzuri. Vijiji viko kulia, baharini: Kwale, Manza, Moa na vinginevyo, kila kimoja na kijia chake. Ghuba ya Manza ndiyo iliyoingia meli ya Kijerumani Aprili 1915 ikifukuzwa na manowari ya Waingereza. Ilizamia humo na risasi zake zikaopolewa. Jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, lilikuwa na njaa ya risasi hizo, kwani miezi mitatu kabla, tarehe 18 na 19 Januari, zilitumika nyingi mno kwenye vita vya Jasini, hapo hapo mpakani.

Hatari ya eneo hili ni majangwa ya chumvi yaliyo nyuma ya mikoko. Ni viwanja vyeupe, vipana, vimekauka, na alama za pikipiki zimenyooka juu yake kama mwaliko. Maji huyafikia wakati wa bamvua tu. Juu kuna ganda gumu la sentimita chache, chini yake tope jeusi lenye harufu ya yai bovu. Pikipiki inapita kwa sababu ni nyepesi. Gari la tani mbili hupasua ganda, ekseli inakaa juu ya tope, na hakuna mti wa kufungia kamba. Mbaya zaidi, kama ni siku za bamvua, saa 10 jioni maji yanalifuata gari pale pale. Kabla ya kuingia uwanja wowote wa namna hiyo, shuka, tembea hatua 20, dunda kisigino. Kisigino kikiingia au ardhi ikitikisika, zunguka, hata kama ni kilomita 10.

Mashamba ya mwani nayo yana kanuni: kamba na vigingi viko chini ya maji yasiyofika magotini, ni vya mtu, na kuvikanyaga ni kumharibia mtu mavuno yake. Pita pembeni, uliza njia.

Kuanzia Moa simu hudaka mtandao wa Kenya yenyewe. Zima uchaguzi wa mtandao wa kujiendesha, uchague wako kwa mkono, la sivyo salio litaisha kwa intaneti tu. Jasini kuna njia za panya za kwenda Vanga ambazo wenyeji huzitumia. Wewe mwenye gari tumia Horohoro, ugonge muhuri.

Ukirudi Tanga, usilale kabla ya kuosha gari chini. Maji matamu yenye presha, ndani ya mifuko ya tairi, juu ya tangi, nyuma ya diski za breki, na kwenye matundu ya chesisi mpaka yanayotoka yawe safi. Chumvi iliyochanganyika na tope hubaki na unyevu kwa wiki, na kutu huanzia ndani, pasipoonekana. Kisha liendeshe dakika 10 ukikanyaga breki mara kwa mara zikauke, na upandishe matairi hadi 32 kabla ya kushika lami ya Segera.